Mzoga nao ni shahidi: maswali yanayoulizwa sana kuhusu mabaki ya wanyama kwenye kesi za ujangili

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila mara, kutoka kwa watu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, askari wa vijiji walioanza kazi juzi, wanafunzi wa vyuo vya wanyamapori vya Mweka na Pasiansi, na hata ndugu wa washtakiwa. Sheria zinazotajwa ni za Tanzania zaidi, Kenya nimeitaja pale inapohusika. Kwa mwenye haraka jibu langu ni hili: kesi nyingi za nyara, yani mali ya wanyamapori aliyokutwa nayo mtu, hazifii maabara. Zinafia pale pale porini siku ya kwanza mzoga ulipoonekana, au kwenye karatasi iliyojazwa vibaya baadaye. Mengine yote hapa chini yanazunguka hapo hapo.

## Mambo ya msingi

Mkisema mabaki ya mnyama mnamaanisha nini hasa?

Kitu chochote kilichotoka kwa mnyama na kinaweza kueleza kilichompata. Mzoga mzima ndio wa kwanza, ila kuna mifupa, meno, ngozi, manyoya, kucha, magamba ya kakakuona, damu kwenye kisu au kwenye bodi ya pikipiki, mafuta yaliyoganda kwenye sufuria, utumbo, kinyesi, hata funza wanaokula ile nyama. Watu wanawaza pembe tu kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye habari, lakini kesi nyingi zaidi huku kwetu ni za nyamapori, yani swala, nyati, pundamilia, nyumbu, twiga, na hapo ushahidi wenyewe ni kipande cha nyama kwenye kiroba.

Mtu kakamatwa na nyama mkononi kabisa, sasa maabara ya nini tena?

Kwa sababu mahakama haihukumu nyama, inahukumu nyama ya mnyama fulani. Mshtakiwa akisema hii ni mbuzi, upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuonyesha sio mbuzi. Na hata spishi ikijulikana bado kuna maswali: mnyama aliuawa au alikufa mwenyewe, aliuawa lini, kwa silaha gani, na huyu mtu anahusikaje. Mabaki yanajibu matatu ya kwanza vizuri sana. La nne yanalijibu kidogo tu, nitarudi hapo kwenye swali la kesi ya Mombasa.

Kila kesi lazima iende kupimwa vinasaba (DNA)?

Hapana. Kichwa cha nyati kikiwa na pembe zake, au ngozi ya chui, afisa wanyamapori mwenye mafunzo anaitambua kwa macho na anaeleza mahakamani alama alizoziona. Neno la muhimu ni anaeleza. Akisimama kizimbani akasema "naijua tu kwa uzoefu" wakili mzuri atamvua nguo pale. Aseme rangi ya manyoya, unene wa ngozi, umbo la kwato, mistari, kila kitu. Vinasaba vinahitajika hasa pale ambapo alama zote zimeondolewa: nyama imechunwa, imekatwa, imekaushwa au imepikwa, au jino limechongwa likawa bangili.

## Porini, kwenye mzoga wenyewe

Nimekuta mzoga wa tembo nikiwa nachunga, nifanye nini?

Simama hapo hapo kwanza. Usiende karibu, usigeuze kitu, usiokote ganda la risasi hata kama linang'aa, na usiwaite wenzako kuja kupiga picha. Angalia ulipokanyaga, halafu rudi kwa njia ile ile uliyojia ili usiharibu nyayo za waliotangulia. Kama una simu piga picha ukiwa mbali, na kama inaonyesha mahali ulipo hifadhi, kisha mpigie askari wa kijiji, mtendaji au kituo cha hifadhi kilicho karibu. Ng'ombe wako waondoe eneo hilo mapema maana kwato mia mbili zinafuta kila kitu.

Na naomba hili mlisikie: kama damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, tumbo limevimba haraka na mwili haujakakamaa, hiyo inaweza kuwa kimeta. Usiguse, usipasue, usichukue nyama hata mkono mmoja. Mbegu za kimeta zinakaa ardhini miaka mingi sana na zinaua watu. Hapo hata askari mzoefu anasubiri daktari wa mifugo au wa wanyamapori.

Mtaalamu akifika anaanza na nini?

Anaanza mbali na mzoga, sio kwenye mzoga. Anazunguka kwa duara akitafuta njia ya kuingia na kutoka, nyayo, matairi, vichungi vya sigara, chupa za maji, majivu ya moto, maganda ya risasi, vijiti vya kukaushia nyama. Mara nyingi wawindaji hukaa mahali pa kupumzika umbali kidogo na hapo ndipo wanapoacha vitu vyao. Picha zinapigwa kwanza kwa mbali, halafu kati, halafu karibu na rula ikiwa pembeni, na mchoro unachorwa kwa mkono hata kama kuna picha mia. Ndio baadaye mzoga unaguswa. Wengi wanafanya kinyume, wanakimbilia kuangalia kama meno yapo, wakimaliza nyayo zote zilizobaki ni za kwao wenyewe.

Unajuaje tembo ameuawa na sio kwamba amekufa tu?

Angalia uso. Karibu theluthi moja ya jino la tembo imezama ndani ya fuvu, kwa hiyo jangili mwenye haraka anakata uso kwa shoka au msumeno, na alama za shoka zinabaki kwenye mfupa miaka na miaka hata nyama ikishaisha. Tembo aliyekufa mwenyewe nyama ikioza vizuri jino linalegea na kuchomoka likiwa zima mpaka kwenye mzizi. Ndio maana jino lenyewe likikamatwa mjini, ile sehemu ya chini inaangaliwa: kama ina makovu ya shoka, hadithi ya kwamba "niliokota porini" inaanza kuwa ngumu.

Jeraha nalo linasema. Mnyama akijeruhiwa akiwa hai damu inavia kwenye nyama kuzunguka lile jeraha, akikatwa baada ya kufa haivii namna hiyo. Mtego wa waya unaacha mfereji shingoni au mguuni na manyoya yamesuguliwa, na mara nyingi ardhi yote kuzunguka mti imechimbika kwa jinsi alivyohangaika. Inaumiza kuona, ila hiyo ardhi iliyochimbika ni ushahidi na ipigwe picha.

Lakini tahadhari, sio kila kifo ni ujangili. Mwaka 2020 kule Botswana, eneo la Okavango, tembo zaidi ya 300 walikufa ndani ya muda mfupi na meno yao yote yalikuwepo. Watu walishaanza kunyoosheana vidole, baadaye serikali ya Botswana ikasema chanzo ni sumu ya bakteria wa majini wanaoota kwenye madimbwi. Kwa nchi zinazofuatilia vifo vya tembo chini ya mpango wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kila mzoga unaandikwa chanzo chake, na uwiano wa waliouawa kwa wote waliokutwa wamekufa ndio unaotumika kupima hali ya ujangili. Uwiano ukipita nusu ni dalili mbaya. Sasa kama mizoga inaandikwa kwa kubahatisha, takwimu ya nchi nzima inakuwa ya kubahatisha.

Mnajuaje amekufa lini?

Kwa mzoga mbichi kuna joto la mwili, kukakamaa, na nzi. Nzi wanafika mapema sana, wanataga, funza wanakua kwa hatua zinazojulikana kulingana na joto, kwa hiyo wale funza wakubwa kuliko wote wanachukuliwa, wengine wanahifadhiwa kwenye spiriti na wengine wanabaki hai wakue mpaka nzi wajulikane ni aina gani. Shida ya huku kwetu ni fisi na tai, wanaweza kumaliza swala kabla hujafika, kwa hiyo kwa wanyama wadogo mara nyingi unabaki na mifupa tu.

Kwa tembo, wanaohesabu kwa ndege wana madaraja manne: mbichi bado ana nyama, wa karibuni ana ngozi na doa la majimaji yaliyoua majani chini yake, wa zamani mifupa imekuwa myeupe na majani yameanza kurudi, na wa zamani sana mifupa imepasuka na kuwa ya kijivu. Sio sahihi kwa siku, ila kwa msimu inatosha. Na taya lisisahaulike: tembo anatumia seti sita za magego maishani, moja baada ya nyingine, ukiangalia gego lipi linatumika na limelika kiasi gani unapata umri wake.

Na risasi?

Risasi ndani ya mzoga inatafutwa kwa kifaa cha kugundua chuma, manake kupasua tembo mzima kwa kisu ukitafuta kitu cha ukubwa wa kidole ni kazi ya kutwa nzima. Ikipatikana isishikwe kwa koleo la chuma tupu, litachora alama mpya juu ya zile za mtutu, na alama za mtutu ndizo zinazolinganishwa na bunduki ikikamatwa. Ganda nalo lina alama ya pini, kwa hiyo maganda kutoka mizoga miwili tofauti yanaweza kuonyesha bunduki ni moja. Gobore ni ngumu zaidi, humo wanaweka goroli na vipande vya nondo, ila hata kile kipande cha nondo kinaeleza silaha ilikuwa ya aina gani.

Simba au tai wamekutwa wamekufa bila jeraha, tufikirie nini?

Fikiria sumu mpaka ithibitishwe vingine. Angalia kama kuna nzi wengi waliokufa juu ya mzoga na kuuzunguka, ndege waliokufa karibu karibu, na chambo, yani ng'ombe au mbuzi aliyepakwa dawa. Mara nyingi ni wafugaji wenye hasira ya mifugo kuliwa, kama ilivyotokea Masai Mara Desemba 2015, na Aprili 2018 simba 11 walikufa kwa sumu Hifadhi ya Queen Elizabeth kule Uganda, watoto 8 kati yao. Lakini majangili wa tembo nao wanawawekea tai sumu makusudi kwa sababu tai wakizunguka angani marenja wanajua pa kwenda. Juni 2019 Botswana tai 537 walikutwa wamekufa kwenye mizoga ya tembo watatu tu. Ndege 537! Tai anazaa kifaranga mmoja kwa msimu, hiyo hasara haifidiki kwa miaka michache.

Sampuli za sumu ni vilivyomo tumboni, ini, chambo chenyewe na udongo wa chini yake. Vaa glovu, hizi dawa za kuua wadudu kama kabofurani zinapita kwenye ngozi. Weka kwenye chombo cha glasi au karatasi ya foili, weka kivulini na baridi haraka, jua linaivunja. Mizoga yote ichomwe au izikwe baada ya sampuli kuchukuliwa, la sivyo inaendelea kuua.

Sampuli ya vinasaba inahifadhiwaje kama hakuna friza?

Kwanza, isiwekwe kwenye fomalini. Fomalini inaharibu vinasaba, na bado watu wanaitumia kwa sababu ipo kila zahanati. Tumia ethanoli kali, au chumvi nyingi, au kausha kabisa. Nyama kipande kidogo tu kinatosha, ukijaza chupa nyama na spiriti kidogo inaoza humo humo. Vitu vikavu kama manyoya na ngozi kavu viwekwe kwenye bahasha ya karatasi maana mfuko wa plastiki unatoa jasho na ukungu. Kisu kimoja kwa mnyama mmoja, au kioshwe kwa jiki na kubadilisha glovu, vinginevyo damu ya pundamilia inahamia kwenye swala na maabara itasema ukweli wa kitu ambacho hakikutokea.

## Maabara

Nyama imeshapikwa na kuungwa viungo, bado inatambulika?

Mara nyingi ndiyo. Kila seli ina kiini kimoja tu chenye vinasaba vikuu, ila ina nakala nyingi mno za kile kinasaba kidogo cha mitokondria, yani vile vyumba vya nishati vya seli, kwa hiyo hata moto ukiharibu nyingi zinabaki kiasi. Maabara inasoma kipande kifupi kinachotofautiana kati ya spishi na spishi, inakilinganisha na hazina ya mifano inayojulikana, basi jibu linatoka. Nyama iliyokaushwa juani au kwa moshi ndiyo rahisi zaidi. Ngumu ni majivu na mifupa iliyoungua ikawa myeupe.

Kenya walifungua maabara yao ya KWS, shirika lao la wanyamapori, Nairobi mwaka 2015, na kwa mifupa wana mkusanyiko mkubwa wa mifano pale Makumbusho ya Taifa ambao wataalamu wake wanaitwa kutoa ushahidi. Huku Tanzania masuala ya sumu yanaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na magonjwa maabara za veterinari. Marekani wana maabara Ashland, jimbo la Oregon, iliyojengwa kwa ajili ya kesi za wanyamapori peke yake tangu miaka ya 1980 mwishoni.

Jino limechongwa likawa shanga, mtajuaje ni tembo na sio mfupa wa ng'ombe au plastiki?

Mfupa ukiuangalia kwa lenzi una vitundu vidogo vidogo vya mishipa, plastiki haina kitu. Jino la tembo likikatwa kwa upana lina mistari inayopishana kama wavu, na pembe ya mistari hiyo karibu na ganda la nje kwa tembo wa leo huwa zaidi ya nyuzi 115, kwa mamothi aliyetoweka ni chini ya 90. Hilo la mamothi kwetu halitusumbui sana, ila kwenye masoko ya Asia ni kichaka cha kujifichia, jino la tembo linauzwa kwa jina la mamothi. Jino la kiboko na la ngiri hayana huo wavu.

Ni kweli vinasaba vinaweza kusema tembo aliuawa pori gani?

Kweli, na hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye fani hii. Samuel Wasser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walikusanya kinyesi na tishu za tembo kutoka kila kona ya Afrika wakatengeneza ramani ya vinasaba. Jino likikamatwa bandarini, kipande kinasagwa kikiwa kimegandishwa kwa baridi kali ili joto lisiharibu vinasaba, halafu kinalinganishwa na ile ramani. Mwaka 2015 walitoa matokeo ya shehena kubwa zilizokamatwa: zaidi ya asilimia 85 ya meno ya tembo wa savana ya kati ya 2006 na 2014 yalitoka Afrika Mashariki, hasa kusini mashariki mwa Tanzania, Selous, na Niassa ng'ambo ya Ruvuma kule Msumbiji. Yani kontena zilikuwa zinakamatwa mbali huko lakini damu ilikuwa ya kwetu. Na sensa ikathibitisha: Tanzania ilikuwa na tembo kama 109,000 mwaka 2009, mwaka 2014 wakabaki kama 43,000.

Jambo la pili walilogundua linanishangaza mpaka leo. Tembo ana meno mawili lakini kwenye shehena nyingi mengi yalikuwa bila mwenzake. Mwenzake wakaja kumkuta kwenye shehena nyingine, iliyosafirishwa karibu na muda huo huo kupitia bandari hiyo hiyo. Kwa hiyo mfanyabiashara ni yule yule, anagawa mzigo wake. Mwaka 2018 wakaonyesha hivyo mitandao mikubwa mitatu, iliyokuwa inatumia Mombasa, Entebbe kule Uganda na Lomé kule Togo. Mwaka 2022 wakaongeza kutafuta hata ndugu wa damu, baba, mtoto, dada, kwenye meno zaidi ya 4,000 ya shehena 49. Mtu anayeshtakiwa kwa mzigo mmoja anaweza kuunganishwa na mizigo ya miaka mingi.

Haya yote hayawezekani kama nchi iliyokamata haitoi sampuli. CITES imeziomba nchi zichukue sampuli kwenye kila shehena ya kilo 500 na zaidi ndani ya siku 90.

Je wanaweza kusema alikufa mwaka gani, manake wenye mali husema ni za zamani kabla ya katazo la biashara ya meno ya tembo?

Wanaweza, kwa kaboni. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 60 yaliongeza hewani aina fulani ya kaboni, tangu hapo imekuwa ikipungua kila mwaka kwa kiwango kinachojulikana, na majani yanaichukua, tembo anakula majani. Sehemu ya jino iliyo ndani kabisa ya fuvu ndiyo iliyoota mwisho, ukiipima unapata mwaka wa kifo. Utafiti wa 2016 ulipima meno ya shehena 14 za kati ya 2002 na 2014, na karibu asilimia 90 yalitoka kwa tembo waliokufa chini ya miaka mitatu kabla ya kukamatwa. Habari ya maghala ya zamani ikafa hapo.

Faru nao wana mfumo kama huo?

Wa kwao ni wa mmoja mmoja kabisa. Unaitwa RhODIS, ulianzia Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini. Kila faru anayekamatwa kwa ajili ya matibabu au kuhamishwa anachukuliwa sampuli, na anayekutwa ameuawa pia. Pembe ikikamatwa uwanja wa ndege inasomwa na jibu linakuja kwamba hii ni ya faru yule aliyekutwa mahali fulani tarehe fulani. Ripoti ya 2018 ilitaja zaidi ya kesi 120 ambapo pembe au damu iliunganishwa na mzoga wake. Hata tone la damu kwenye suruali linatosha.

Alama za vidole zinashika kwenye jino au gamba?

Zinashika, ila zamani unga wa kawaida ulikuwa unaziona kwa siku chache tu. Watafiti wa King's College London walijaribu unga wenye chembe ndogo zaidi na kwenye jino la tembo wakapata alama hata baada ya siku 28. Kwa magamba ya kakakuona wengine wametumia karatasi ya jelatini inayobandikwa na kubanduliwa. Ndio maana nawasihi askari: vaeni glovu, hata ile picha ya kupanga meno mezani kwa ajili ya waandishi wa habari, watu wote wakishayashika mikono mitupu alama ya mwenyewe imekwisha.

## Mahakamani

Mnyororo wa utunzaji wa kielelezo ni nini na mbona unaua kesi?

Ni maandishi yanayoonyesha kielelezo kilitoka mkono gani kwenda mkono gani, saa ngapi, kimefungwaje, mpaka kikafika mbele ya hakimu. Kukiwa na pengo, mfano nyama ilikaa kituoni siku mbili na hakuna anayejua nani alikuwa na ufunguo, mshtakiwa anasema imebadilishwa na hakuna wa kumpinga. Mahakama ya Rufani Tanzania imelisimamia hili kwa muda mrefu. Baadaye imekubali kwamba vitu visivyobadilishwa kirahisi, meno ya tembo yakiwemo, havihitaji ukali ule ule. Ila mtu asitegemee huruma hiyo, nyama sio jino.

Nyama inaoza, mnaitunzaje mpaka kesi iishe?

Haitunzwi. Inapelekwa kwa hakimu pamoja na fomu ya orodha, hakimu anaona, anaamuru iteketezwe, na ile fomu ndiyo inayosimama badala ya nyama wakati wa kesi. Sasa sikilizeni vizuri: mshtakiwa lazima awepo mbele ya hakimu na apewe nafasi ya kusema kitu kabla ya amri kutolewa, na picha zipigwe. Mahakama ya Rufani imefuta hukumu kwa sababu mshtakiwa hakushirikishwa, watu waliofungwa miaka 20 wakatoka kwa karatasi hiyo moja. Na mimi sioni kuwa ni hila ya mawakili. Ukishateketeza ushahidi dhidi ya mtu bila yeye kuuona, atajiteteaje? Wapo wasio na hatia pia humo.

Hati ya thamani ya nyara anasaini yeyote wa hifadhi?

Hapana, na hapa pia kesi zimeanguka. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inamtaja Mkurugenzi au afisa wanyamapori. Mahakama ya Rufani ilishasema mhifadhi wa hifadhi ya taifa hayumo kwenye tafsiri hiyo, kwa hiyo hati aliyosaini haikufaa. Muulizeni mwanasheria wenu kabla, sio baada.

Ushahidi wa kisayansi upo siku hizi, mbona wakubwa bado wanatoka?

Kwa sababu sayansi inasema mnyama gani, wapi, lini. Haisemi godauni ni la nani. Chukua kesi ya Mombasa: Juni 2014 zilikamatwa zaidi ya tani mbili za pembe za ndovu pale Tudor. Julai 2016 mfanyabiashara mmoja akahukumiwa miaka 20 na faini ya shilingi milioni 20 za Kenya, watu wakashangilia. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachia, ikaona ushahidi wa kumuunganisha yeye na mzigo hautoshi. Hakuna aliyebisha kwamba zile ni pembe. Kilichokosekana ni kamba kati ya mtu na pembe: simu, pesa, magari, mashahidi, alama za vidole. Mzoga umefanya kazi yake, kazi iliyobaki ni ya mpelelezi.

## Maswali ya pembeni

Babu alituachia jino la tembo, tuna kosa?

Msilinyamazie. Kwa sheria yetu mnyama aliyeuawa bila kibali au aliyekutwa amekufa ni nyara ya serikali, na kuwa nayo bila kibali ni kosa hata kama aliyeiokota ni babu. Nendeni na mwanasheria au kiongozi wa serikali ya mtaa kwenye ofisi ya wanyamapori mkaitaje kwa hiari. Ile ya "ni ya zamani" inapimika, soma jibu la kaboni hapo juu.

Gari limegonga swala Mikumi, naweza kuchukua nyama maana ameshakufa?

Hapana. Simama mahali salama, toa taarifa getini. Ukipakia kwenye buti umeingia kwenye kosa jingine kabisa, na daktari akipasua mzoga ataona mifupa iliyovunjika na damu ilivyovia, kwa hiyo kusema uligonga kunaweza kuthibitishwa, ila nyama kwenye buti haina maelezo.

Nimenunua nyamapori kwenye bucha lenye leseni, nikikamatwa njiani?

Mabucha ya nyamapori yameruhusiwa kwa kanuni za mwaka 2020, kwa hiyo omba risiti yenye jina la bucha, aina ya mnyama na uzito, na utembee nayo. Maabara itasema hii ni nyati, haiwezi kusema huyu nyati aliwindwa kwa kibali. Hiyo ni kazi ya karatasi.

Samaki waliopigwa baruti wanatambulika?

Ndiyo, na watu wa pwani wanajua hili vizuri. Mlipuko unapasua kibofu cha hewa, unavunja uti wa mgongo na kuvujisha damu ndani huku ngozi ya nje ikionekana nzima. Afisa uvuvi anapasua samaki kadhaa kutoka tenga, anapiga picha, anaandika. Samaki anaharibika haraka kuliko nyama, kwa hiyo utaratibu wa fomu na hakimu nilioueleza kwenye swali la nyama inayooza unatakiwa ufanyike siku hiyo hiyo.

Mtoto ameokota unyoya wa tai au mfupa porini, tunaweza kuweka nyumbani?

Ndani ya hifadhi kila kitu kinabaki kilipo. Nje ya hifadhi toa taarifa na uache hapo hapo, hasa kama kuna vingine vingi kuzunguka, manake unyoya mmoja sio kitu lakini unyoya wa tai kumi mahali pamoja ni eneo la tukio la sumu na mtoto anatakiwa anawe mikono kwa sabuni sasa hivi.